Kima Wawili na Bahari

Kima wa kwanza alichapishwa London mwaka 1870, bila picha hata moja. Yumo katika Swahili Tales, kitabu cha Edward Steere, mmisionari wa Kianglikana aliyefika Unguja mwaka 1864 na kuanza kuandika hadithi alizosimuliwa na wenyeji. Ukurasa mmoja ni Kiswahili, unaotazamana nao ni Kiingereza. Kilikuwa kitabu cha mtu mzima anayejifunza lugha. Mtoto angekifungua na kukifunga hapo hapo.

Kima wa pili alichapishwa Boston mwaka 1941, na yeye karibu wote ni picha. Anaitwa Curious George, yaani George mdadisi. Hana mkia, jambo ambalo halikuwasumbua wachoraji wake lakini linamsumbua kila mtoto wa Kitanzania aliyewahi kuona tumbili akivuka barabara ya Morogoro pale Mikumi.

Wote wawili ni watundu. Wote wawili walichukuliwa kutoka kwenye mti wao na mtu aliyejifanya rafiki, wakavushwa maji. Mmoja alirudi. Mwingine hakurudi, na kitabu kinatuambia kwamba alifurahi.

Nimekaa nao mwaka mzima kwa sababu mbili. Ya kwanza ni tasnifu yangu ya uzamili, ambayo inahusu namna hadithi za pwani yetu zilivyogeuka kuwa vitabu. Ya pili ni mtoto wa dada yangu, ana miaka minne. Dada ni muuguzi na zamu zake nyingi ni za usiku, kwa hiyo kazi ya kumlaza mtoto huangukia kwa mama mdogo wake, ambaye ni mimi. Kitabu cha George nilikikuta kwenye meza ya vitabu vya mitumba hapa Dar es Salaam, kimegongwa mhuri wa maktaba ya shule fulani ya Marekani. Kima wa Steere nilikuwa naye tayari kwenye kompyuta, katika nakala iliyopigwa picha ukurasa kwa ukurasa.

Hadithi ya Unguja wengi mnaijua kwa namna moja au nyingine. Kulikuwa na mkuyu mkubwa, nusu ya matawi yake yametanda upande wa mji na nusu upande wa bahari. Kima alikuwa akila kuyu pale juu kila siku. Papa akawa anakuja chini yake, anaomba arushiwe tunda, kima anarusha. Wakazoeana. Siku moja papa akamwambia kima: umenitendea wema mwingi, twende kwetu nami nikakulipe. Kima akapanda mgongoni, wakaondoka. Katikati ya bahari papa akaona hakuna haja ya kuficha tena: sultani wetu ni mgonjwa, na dawa yake ni moyo wa kima.

Hapa kima hakulia wala hakumwomba papa huruma. Alisikitika kwa ajili ya papa. Laiti ungeniambia mapema, alimwambia, ningekuja nao. Sisi makima tukisafiri huwa tunaiacha mioyo yetu juu ya miti, tunatembea na miili tu. Turudi nikauchukue. Papa akageuza. Walipofika, kima akaruka mtini na kunyamaza kimya. Papa akaita, akaita tena, na mwishowe kima akamuuliza kama anamdhani yeye ni punda wa dobi.

Punda wa dobi ni hadithi ndani ya hadithi, na Steere aliifanya kuwa jina la kisa chote. Simba alikuwa mgonjwa, akamtuma sungura amletee punda. Sungura akamrubuni punda kwa habari za ndoa. Punda akaenda, simba akamrukia, punda akaponyoka akiwa na majeraha. Ungedhani imeishia hapo. Sungura akamfuata tena, akamshawishi mara ya pili, na punda akarudi. Safari hii simba alimuua. Sungura aliula moyo na masikio kwa siri, na simba alipouliza viko wapi, akajibiwa kwamba punda huyu hakuwa na moyo wala masikio. Angekuwa navyo, angerudije?

Ukiisoma kama mwanahistoria, hadithi hii ni kama jahazi lililobeba mizigo ya bandari nyingi. Neno dobi lenyewe ni la Kihindi. Kisa kimo katika kitabu cha nne cha Panchatantra, mkusanyo wa Kisanskriti wa ngano za wanyama, na huko mwenye kumvusha kima ni mamba. Katika karne ya 8 Ibn al-Muqaffa alitafsiri ngano hizo kwa Kiarabu kutoka Kiajemi cha kale, zikaitwa Kalila wa Dimna, na kwake mamba amekuwa kobe wa majini. Kilipofika Unguja kisa kikapata papa, kwa sababu watu wa Unguja wanajua ni nani hula watu baharini. Na yule mbweha wa Kihindi aliyemrubuni punda aliondolewa, nafasi yake akapewa sungura. Huyo ni wetu kabisa. Hakuna msimulizi wa huku ambaye angemwacha mbweha afanye kazi ya sungura.

Jambo jingine kuhusu Kalila wa Dimna, maana watu husema vitabu vya picha vililetwa na wazungu. Tangu mwanzo wake kitabu hicho kinazitaja picha za wanyama kuwa sehemu ya raha ya msomaji, na kuna nakala za mkono za karne ya 13 zenye kunguru, bundi, simba na kima waliopakwa rangi. Moja iko Paris, katika Maktaba ya Taifa ya Ufaransa. Aliyekuwa akifunua kurasa hizo alikuwa mfalme, tena mtu mzima. Mtoto ndiye aliyechelewa kupewa.

Mtoto wa kwanza kumwona kima wetu kwenye picha pengine alikuwa Mmarekani. Mwaka 1901 George W. Bateman alitoa Chicago kitabu kiitwacho Zanzibar Tales, na ndani yake zimo hadithi kadhaa zile zile za Steere, kima na papa ikiwa ya kwanza, pamoja na michoro ya Walter Bobbett. Bateman alikuwa na hofu kwamba watoto wa kwao wangeshindwa kutamka majina, kwa hiyo sungura akawa Soongoora na punda akawa Poonda. Mara ya kwanza nilicheka. Kisha nikaona kwamba angalau aliwaachia majina yao.

Sasa Paris. Hans Augusto Reyersbach na Margarete Waldstein walizaliwa Hamburg, Wayahudi wote wawili, yeye mwaka 1898 na mkewe mwaka 1906. Walikutana tena Brazil, wakafunga ndoa Rio de Janeiro mwaka 1935, na jina refu wakalikata likabaki Rey. Walipokwenda Ulaya kwa fungate walichukua vima wadogo wawili waliokuwa wakiwafuga. Margret aliwafumia sweta kwa ajili ya baridi ya baharini. Walikufa njiani.

Ningependa tukae hapo kidogo kabla ya kumfikia George. Watu wawili waliowapenda wanyama kwa dhati, waliowafumia sweta, waliwapandisha melini wanyama ambao kama wangebaki kwenye miti yao wasingehitaji sweta. Nadhani humo ndimo kitabu chote kilimotoka, utamu wake na tatizo lake.

Paris walikaa Montmartre, wakaandika na kuchora. Mmoja wa wahusika wao alikuwa kima aliyeitwa Fifi. Juni 1940 jeshi la Ujerumani lilipoukaribia mji, treni zilikuwa zimesimama, magari hayakuwapo, na baiskeli madukani zilikuwa zimekwisha. Hans akanunua vipuri akaunga baiskeli mbili mwenyewe. Alfajiri ya Juni 12 wakatoka Paris na mkate, jibini, makoti, na michoro ya Fifi. Siku mbili baadaye Wajerumani waliingia. Akina Rey waliendesha hadi kusini, wakapata treni, wakavuka Hispania hadi Lisbon, kisha Brazil, na Oktoba wakafika New York. Mwaka uliofuata kampuni ya Houghton Mifflin ilitoa kitabu, na Fifi akawa George. Uingereza alibadilishwa jina tena akawa Zozo, kwani aliyekuwa akitawala ni Mfalme George, na kima mtundu mwenye jina la mfalme asingeeleweka vyema.

Basi kitabu kilichobebwa na wakimbizi juu ya baiskeli kinasimulia nini? Kima yuko Afrika. Ni Afrika tu, bila nchi wala mto wenye jina. Ana furaha. Anakuja mtu mwenye kofia kubwa ya njano, anaiweka kofia chini, kima anaivaa kwa udadisi, inamfunika macho, anatiwa ndani ya gunia. Kisha meli. Kisha mji mkubwa ng'ambo, ambako George anavuta kiko, anachezea simu, anawaita zimamoto pasipo moto, anatiwa gerezani, anatoroka, anapaa na maputo juu ya magari. Mwisho anawekwa katika bustani ya wanyama, na hapo panatajwa kuwa pahali pazuri pa kuishi.

Watafiti wa Marekani hawajakiacha salama. June Cummins, mwaka 1997, alikisoma sambamba na simulizi za watumwa waliotekwa: kukamatwa kwa hila, kuvushwa bahari, mavazi mapya, gereza, kutoroka, na hatimaye mtekwa aliyezoea. Kuna wanaoona ni kumwonea kima wa karatasi. Ukiwa umekaa Dar es Salaam, kilomita chache kutoka bahari ile ile, usomaji huo hauhitaji nadharia yoyote. Mtoto wa dada yangu alifika kwenye gunia akauliza, "Mama yake yuko wapi?" Nikafunua ukurasa. Akaurudisha. "Mama mdogo, mama yake yuko wapi?"

Kitabu hakina jibu. Mama hayumo hata kwenye picha ya kwanza.

Turudi Unguja. Steere alipokuwa akiandika hadithi ya kima na papa, soko la watumwa la Mkunazini lilikuwa bado wazi. Lilifungwa mwaka 1873, na siku ya Krismasi mwaka huo huo likawekwa jiwe la msingi la kanisa lililojengwa mahali pale chini ya uangalizi wake. Misheni yake ilikuwa imejaa watoto waliookolewa kutoka kwenye majahazi. Baadhi yao waliandika, na mwaka 1887 A. C. Madan alichapa maandishi yao katika kitabu kilichoitwa Kiungani, kwa jina la shule yao. Ni wavulana wanaoeleza walivyokamatwa, waliuzwa kwa nini, nani alimpa nani nguo au chakula njiani. Anayeshangaa kwamba mtu angeweza kuchukuliwa kwa kuitwa tu, kwa tunda au kipande cha nguo, avisome visa hivyo.

Kwa hiyo siamini kwamba kima juu ya mgongo wa papa alikuwa mzaha mtupu kwa masikio ya Unguja ya miaka ile. Ni kweli kisa ni cha kale kuliko biashara ile na kilitungwa mbali. Lakini hadithi haiulizwi imetoka wapi tu. Inaulizwa pia imekaa vipi kwa wanaoisikia. Katika mji ambamo watu walivushwa kila msimu wa upepo na hawakurudi, kuna mmoja aliyefika katikati ya maji, akaambiwa waziwazi anachotakiwa, na akarudi kwenye mti wake kwa neno. Alichokuwa nacho ni neno hilo tu. Na neno lilikuwa la uongo.

Hapo ndipo mimi na dada tulipogombana.

Mtoto alikipenda kisa cha kima na papa kuliko kitabu cha George, ingawa hakina picha. Nilikuwa nakisimulia taa ikiwa imezimwa. Baada ya siku chache kikaanza kutoka mdomoni mwake. Akiitwa kuoga anasema masikio ameyaacha juu ya mti. Akiambiwa avae viatu, miguu ameiacha kwa bibi. Tulicheka sote, hata dada. Kisha mtoto akaugua malaria. Akapewa dawa ya mseto, dozi ya siku tatu, asubuhi na jioni, na siku ya pili jioni aliulizwa kama amemeza akasema ndiyo, macho makavu, akafungua mdomo kuonyesha. Usiku dada alisogeza kitanda kufagia akakuta kidonge kimegandana na vumbi.

"Unamfundisha mtoto uongo," aliniambia. Hakupaza sauti. Dada akiwa na hasira kweli huwa anazungumza kama yuko wodini.

Nilimjibu kwamba kima anamdanganya anayetaka kumuua. Kuna tofauti. Papa ndiye mwongo wa kwanza.

"Sawa," akasema. "Na mtoto wa miaka minne atajuaje papa ni nani? Leo papa ni mimi na kidonge."

Nimesoma vitabu vingi kuhusu wanyama wajanja katika fasihi simulizi, na sijakutana na swali bora kuliko hilo. Kila aliyewahi kuwapa watoto wadogo mnyama mtundu amelazimika kulijibu kwa njia fulani, na wengi wamelijibu vibaya.

Beatrix Potter alilijibu kwa Kiingereza cha nyumbani kwake. Sungura wake Peter alianza kama barua yenye michoro, aliyomwandikia mtoto mgonjwa Septemba 4, 1893. Wachapishaji walikataa, akachapisha mwenyewe nakala 250 mwaka 1901, na mwaka uliofuata kampuni ya Frederick Warne ikakitoa kwa rangi. Mama sungura anawakanya watoto wasiingie shamba la McGregor. Baba yao aliingia, akapikwa ndani ya mkate wa nyama. Peter anaingia, anakula, anakimbizwa, anapoteza koti na viatu, anarudi hoi, na analazwa kwa dawa chungu huku dada zake wasikivu wakila vizuri. Dada yangu angekipenda. Papa anajulikana, ana reki mkononi, na mtoto asiyesikia anaishia na dawa mdomoni. Lakini Peter hamdanganyi mtu yeyote. Ni mwenye bahati na miguu tu. Akili ya sungura wa huku hana.

Jambo ambalo halisemwi sana ni kwamba Potter alimjua sungura wa huku, kwa kupitia njia ndefu. Miaka ile ile ya 1890 alikuwa akichora picha za hadithi za Uncle Remus za Joel Chandler Harris, Mmarekani wa Georgia, zilizotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1880. Harris alipokuwa kijana mpiga chapa kwenye shamba la Turnwold wakati wa vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, alizisikia kutoka kwa watumwa. Sungura wa hadithi hizo ni ndugu wa sungura wetu, wa Wabantu na wa nyika za Afrika Magharibi, aliyevuka Atlantiki katika vichwa vya watu. Alice Werner, aliyesomesha Kiswahili London, alizilinganisha ngano hizo za pande mbili za bahari kwa makini. Huko Georgia hakukuwa na ubishi papa ni nani. Harris aliziweka hadithi kinywani mwa mzee mweusi mpole anayemburudisha mtoto wa bwana wake, na jambo hilo halijasameheka: mwandishi Alice Walker, aliyezaliwa mji ule ule wa Eatonton, ameeleza jinsi alivyojiona ameibiwa urithi wake. Mwaka 1987 Julius Lester alizisimulia upya bila yule mzee mtiifu, na Jerry Pinkney akazichora.

Afrika Magharibi, sungura alipelekwa shule. Mwaka 1953 Léopold Sédar Senghor, ambaye hakuwa rais bado, na Abdoulaye Sadji walitoa kitabu cha kusomea cha watoto kumhusu Leuk, sungura wa Kiwolofu. Ninamheshimu Senghor kwa hilo. Mtoto aliyekuwa akijifunza kusoma Kifaransa kwa habari za Ufaransa alipewa mnyama wa kichakani kwao.

Nasi tulimpeleka shule, lakini tulimvisha sare. Chukua kitabu chochote cha kusomea cha madarasa ya chini: sungura anamdanganya fisi, fisi anaungua mkia, na chini yake kuna maswali. Tumejifunza nini kutokana na hadithi hii? Na jibu linalotakiwa ni kwamba ujanja si mzuri, ingawa ujanja ndio uliomwokoa sungura mistari mitatu juu. Watoto si wajinga. Wanajua kuna jibu la mwalimu na kuna hadithi, na wanajifunza kumpa mwalimu anachotaka. Yaani wanamwambia wameacha moyo mtini.

Wasimulizi wa zamani walilijibu swali la dada mwanzoni kabisa, kabla ya mnyama yeyote kutokea. Hadithi, hadithi! Na watoto wanaitikia: hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea. Uongo unaitwa kwa jina lake, unakaribishwa ndani, kila mtu akisikia. Una saa yake, usiku, kazi zimekwisha, na una watu wake. Hadithi ikiisha nao umekwenda. Kitabu hakina mlango wa namna hiyo. Kinafunguliwa saa yoyote, na ukurasa wake wa kwanza unaanza moja kwa moja kana kwamba ni habari ya kweli.

Nilimweleza dada hayo. Akaniuliza kama naitikiwa ninaposimulia. Nikamwambia ndiyo, mtoto anapenda sehemu hiyo. Akasema basi itikio hilo liwe kabla ya kila hadithi, bila kuruka hata siku moja, na la George pia. "Na dawa," akasema, "haina uongo njoo." Hilo tukaliweka kuwa sheria ya nyumba. Mtoto alilielewa haraka kuliko nilivyotegemea. Siku ya tatu ya dozi alimeza kidonge, akaonyesha ulimi, kisha akatuuliza kama sasa tunaweza kuita uongo.

Nimekuwa nikitafuta kima na papa ya Kiswahili kwa ajili yake, yenye picha nzuri na maneno machache kwa kila ukurasa. Kazi si tupu kama watu wanavyodhani. Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanza mwaka 1991 hapa Tanzania kwa msaada wa shirika la CODE la Kanada, ulikuwa na utaratibu wa busara: mswada ukipita, mchapishaji alihakikishiwa kwamba sehemu ya nakala itanunuliwa na kupelekwa shuleni, hivyo hakuogopa kuchapa. Vitabu vingi vya Kiswahili ambavyo watoto wa umri wangu walivishika vilitoka kwa njia hiyo, vyembamba, vya pini mbili. Mwaka huo huo Walter Bgoya alianzisha Mkuki na Nyota. Na tangu mwaka 2014 kuna African Storybook, iliyoanzishwa na taasisi ya Saide ya Afrika Kusini, ambako unaweza kusoma na kupakua hadithi zenye picha kwa Kiswahili na lugha nyingine nyingi za Afrika bila kulipa chochote zaidi ya bando. Tumesoma nyingi kwenye simu yangu, kioo kikiwa na ufa katikati. Sungura wapo wengi. Lakini simu hailali kifuani mwa mtoto, na hawezi kuifunua kwa kidole chake bila kuingia kwenye kitu kingine.

Ndiyo maana George bado yupo, na gamba lake limeshaanza kuachia. Sijamficha. Nilifikiria kumficha, kisha nikaona kitabu kilichonionyesha lile gunia hakistahili kufukiwa kabla yeye mwenyewe hajafika umri wa kuuliza zaidi ya mama yake yuko wapi. Ninachokifanya ni kusoma picha kama zilivyo, na maneno ya furaha ya mwisho siyasomi kwa furaha.

Yeye ana njia yake. Wiki chache zilizopita, dada akiwa nyumbani siku ya mapumziko, mtoto alikichukua kitabu peke yake akakaa nacho chini, mgongo ukutani. Hajui kusoma bado. Alianzia nyuma. Kwenye bustani ya wanyama George anashuka kutoka kwenye mti wa ng'ambo na kuingia garini. Maputo yanamrudisha gerezani, zimamoto wanamtoa, wanaondoka na magari yao kinyumenyume. Anapanda meli. Melini anatoka majini na kuruka angani. Gunia linafunguliwa, kofia inatoka kichwani, mtu wa kofia ya njano anaivaa mwenyewe na kwenda zake, na kima anabaki anakula ndizi.

"Amerudi," alimwambia mama yake.

Dada, aliyekuwa akichambua mchele, alimuuliza kama amekumbuka kuita uongo kwanza.

"Huu siyo uongo," akasema, na kumwonyesha ukurasa.